Zanzibar 1964: Karatasi ziko Texas, wazee wako huku kwetu

Tangu Jamshid bin Abdullah afariki dunia huko Muscat tarehe 30 Desemba 2024, makundi ya WhatsApp ya huku Pwani hayajatulia. Sultani huyo wa mwisho wa Zanzibar alikaa kitini miezi sita tu kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Alipokimbia kwa meli yake alitaka kushuka hapa Mombasa, Serikali ya Kenya ikamkatalia, akapitia Dar es Salaam na kuishia Uingereza kwa zaidi ya nusu karne. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kifo chake kimegusa kidonda ambacho hakijawahi kufunga vizuri, maana katika Mji wa Kale ni nadra kupata ukoo usio na mtu aliyevuka kutoka Unguja au Pemba miaka ile.

Na kila mjadala unapopamba moto hutokea mtu akatuma picha ya karatasi ya zamani iliyopigwa taipu, ina muhuri wa siri uliokatwa kwa mstari, chini yake ameandika: "Haya, someni wenyewe. Wamarekani ndio waliofanya." Hazipiti dakika kumi mwingine anatuma karatasi ya aina ile ile, inayoonyesha Wamarekani walishikwa na bumbuwazi kama watu wengine wote. Hapo matusi huanza, na msimamizi wa kundi hulifunga mpaka asubuhi.

Karatasi zile ni za kweli. Kinachokosekana ni mtu wa kutueleza zimetoka wapi, aliyeziandika alikuwa nani, alimsikia nani, na alikuwa anaogopa nini alipokuwa akiandika. Wanazuoni wetu wa hadithi walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita. Kabla ya kuuliza limesemwa nini, waliuliza kasema nani, kapokea kwa nani, na je, wawili hao waliwahi kukutana. Mimi si mwanahistoria, nina diploma na vocha ya intaneti, lakini miezi hii nimekuwa nikizisoma nyaraka hizi kwa mizani hiyo, na naona zinatufaa sana alimradi tusizitwike mzigo usio wao.

Rais wa Marekani wakati wa Mapinduzi alikuwa Lyndon Johnson. Kennedy alikuwa ameuawa Novemba 22, 1963, kwa hiyo Zanzibar ilipolipuka Johnson alikuwa na wiki saba tu Ikulu. Siku tatu kabla, Januari 9, ghasia zilikuwa zimezuka Panama kwa sababu ya bendera, na hilo ndilo lililomshughulisha. Wiki iliyofuata Mapinduzi askari wa Tanganyika waliasi Januari 20, wa Uganda Januari 23, na wetu wa Lanet Januari 24. Ukiwa Washington, ukitazama ramani na simu hazinyamazi, ilikuwa rahisi kuamini kwamba kuna mkono mmoja nyuma ya yote.

Utawala wa Johnson ni miongoni mwa tawala zilizoacha kumbukumbu nyingi mno. Maktaba yake ilifunguliwa Mei 1971 katika mji wa Austin, Texas, ndani ya eneo la chuo kikuu, na ina takriban kurasa milioni 45. Wakati ule hakukuwa na sheria ya kumlazimisha. Karatasi za rais zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi, na Johnson alizitoa kwa taifa kama zawadi. Sheria ya kuzifanya mali ya umma ilikuja 1978, baada ya mkasa wa Nixon na kanda zake, na ikaanza kutumika kwa rais aliyeingia madarakani 1981.

Johnson naye alikuwa na kanda. Alirekodi simu zake kwa siri, na zimebaki saa zipatazo 643 za mazungumzo. Aliagiza zifungwe kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Alikufa Januari 1973, kwa hiyo kwa agizo lake tungeanza kuzisikia mwaka 2023. Mkurugenzi wa maktaba, Harry Middleton, aliona kanda zitaoza kabla ya hapo, akaanza kuzifungua miaka ya 1990. Leo mtu aliyekaa Kibokoni anaweza kumsikia rais wa Marekani akimbembeleza seneta, akimfokea msaidizi wake, akiagiza hata suruali kwa fundi na kueleza wazi wazi ni wapi inambana. Sijui kiongozi yeyote wa huku kwetu ambaye angekubali wajukuu wa watu wengine wayasikie hayo.

Sehemu ya tatu ya kumbukumbu zile ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni simulizi. Kuanzia 1968, kabla hata Johnson hajaondoka Ikulu, chuo kikuu cha Texas kiliunda mradi wa kuwahoji watu waliofanya kazi naye, ukiongozwa na mwanahistoria Joe B. Frantz. Waliwafuata mawaziri, majenerali, mabalozi na wabunge, na hawakuishia hapo. Mwaka 1974 walimhoji Zephyr Wright, mwanamke mweusi aliyekuwa mpishi wa familia ya Johnson kwa miaka mingi tangu kabla ya urais. Mama huyo alikuwa akisafiri na gari la Johnson kati ya Washington na Texas katika majimbo ambamo mtu mweusi hakuruhusiwa kula mkahawani wala kutumia choo njiani, na Johnson aliutumia mfano wake alipokuwa akiwashawishi wanasiasa wa kusini wapitishe Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ukitaka kuijua sheria ile unaweza kusoma hotuba za bungeni, na unaweza pia kumsoma mpishi. Mimi nilianza na mpishi.

Utaratibu wao ni wa maana pia. Mhojiwa huletewa maandishi ya mahojiano ayasome. Husahihisha majina na tarehe, kisha hutia saini hati inayosema ni lini watu waruhusiwe kuyasoma. Anaweza kusema yafunguliwe leo, au akishakufa, au fulani akishakufa. Kwa hiyo watu husema, maana wanajua kalamu iko mikononi mwao.

Kando ya maktaba ile kuna mkusanyiko mwingine, wa chama kinachohifadhi simulizi za wanadiplomasia wa Marekani waliostaafu. Mradi huo ulianza miaka ya 1980 na una mahojiano zaidi ya 2,500, mengi yakisomeka bure mtandaoni. Humo ndimo tunamokutana na Wamarekani waliokuwa Unguja siku zenyewe.

Mmoja ni Donald Petterson, aliyekuwa naibu balozi mdogo, kijana bado. Wamarekani wengi, pamoja na familia yake, waliondolewa Januari 13 na manowari ya Marekani iitwayo Manley. Mkubwa wake, Frederick Picard, alifukuzwa na utawala mpya. Petterson akabaki. Miaka mingi baadaye alirudi kuwa balozi nchini Tanzania, na mwaka 2002 akachapisha kitabu kizima kuhusu Mapinduzi. Mwingine ni Frank Carlucci, aliyeletwa kuchukua nafasi ya Picard. Huyu baadaye alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi chini ya Reagan, na alifariki 2018.

Sasa karatasi na simulizi hizi zinasema nini? Kwa kifupi, zinaonyesha dola kubwa iliyokuwa na habari kidogo na hofu nyingi. Habari za mwanzo zilidai kuna Wacuba kisiwani, kwa sababu baadhi ya vijana wa Babu walikuwa wamepata mafunzo Cuba na walivaa na kupiga kelele za kimapinduzi za huko. Abdulrahman Babu mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mwandishi wa shirika la habari la China, na hilo liliwatosha. Hofu ya kuiona Zanzibar ikigeuka "Cuba ya Afrika" ikaenea. Wakati huo huo Marekani ilikuwa na kituo chake cha kufuatilia vyombo vya anga pale Tunguu, kilichojengwa kwa ajili ya safari za kwanza za Wamarekani angani, ambacho wanasiasa wa kisiwani walikuwa wakikishuku tangu zamani. Karume aliwataka wakiondoe, na kufikia mwisho wa Aprili kilikuwa kimeng'olewa. Wajerumani Mashariki waliingia, Wachina waliingia, na kila hatua ilipigiwa telegramu.

Hofu hiyo ndiyo iliyowafanya Wamarekani wawasukume Waingereza watangulie, wakisema hii ni sehemu yenu, na Waingereza wakawa wanasitasita. Iliwafanya pia wawategemee Nyerere, Kenyatta na Obote wamtulize Karume na kumpunguza nguvu Babu. Mjini Nairobi balozi wao alikuwa William Attwood, mwandishi wa habari kwa taaluma, aliyekuja kuandika kitabu kuhusu siku hizo mwaka 1967, nacho Serikali ya Kenya ikakipiga marufuku. Kitabu kinachopigwa marufuku huongezewa wasomaji. Najua wazee walioficha nakala zao chini ya godoro.

Kwa hiyo tukirudi kwenye lile swali linalovunja makundi ya WhatsApp: je, Muungano wa Aprili 26, 1964 ulibuniwa Washington? Nyaraka zinaonyesha wazi kwamba Wamarekani walitamani jambo la namna ile litokee. Amrit Wilson alizitumia nyaraka hizo katika kitabu chake cha 1989 kujenga hoja kwamba shinikizo lao lilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Petterson kwa upande wake anashikilia kwamba uamuzi ulikuwa wa Nyerere na Karume wenyewe, kila mmoja kwa sababu zake. Mimi naona kutamani ni kitu kimoja na kutenda ni kingine, na anayetuma ukurasa mmoja wa telegramu kama ushahidi wa kutenda anatudai tumwamini zaidi ya karatasi yake. Lakini naona pia kwamba Petterson ni mtumishi anayeeleza kazi ya serikali yake. Shahidi mwenye maslahi hasikilizwi kama shahidi asiye nayo, hilo hata kadhi atakwambia.

Halafu kuna mistari iliyofunikwa kwa wino mweusi. Baadhi ya taarifa za shirika la ujasusi zimefunguliwa nusu nusu. Ripoti ndefu ya CIA kuhusu Mapinduzi iliandikwa Februari 1966, yaani zaidi ya miaka miwili baada ya tukio, na ndani yake bado wanahangaika kueleza nani alipanga nini, na John Okello alitokea wapi katika hesabu ile. Watu waliokuwa na ndege, pesa na mitambo, miaka miwili baadaye bado wanauliza. Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Jibu la maswali yao mengi lilikuwa limekaa barazani Ng'ambo na Michenzani likinywa kahawa, na hakuna aliyekwenda kuliuliza kwa Kiswahili.

Kisa ambacho naona kila anayesambaza nyaraka hizi angepaswa kukijua ni cha Carlucci na simu. Ilikuwa Januari 1965, mwaka wa kwanza wa Mapinduzi unakaribia kuadhimishwa. Carlucci, akiwa Unguja, alitaka Washington itume salamu za pongezi za ngazi ya juu ili kulainisha uhusiano. Akampigia simu mwenzake Robert Gordon, aliyekuwa naibu mkuu wa ubalozi Dar es Salaam, wakajadiliana jinsi ya kuwashawishi wakubwa. Katika mazungumzo hayo walitumia neno la Kiingereza ambalo maana yake ya kawaida ni risasi, lakini Wazungu hulitumia vile vile kwa maana ya hoja nzito za kumshinda mtu katika mjadala. Walihitaji "risasi" zaidi za kuipigia Washington. Simu ilikuwa inasikilizwa. Aliyesikiliza alisikia Wamarekani wawili wanazungumza juu ya risasi na sherehe za Mapinduzi. Wote wawili wakafukuzwa nchini, na uhusiano wa Tanzania na Marekani ukaharibika vibaya.

Hivyo ndivyo wao wanavyosimulia, na wamesimulia hivyo kwa miaka mingi. Sisi tuna upande mmoja tu wa kisa. Yule aliyevaa vipokea sauti masikioni, akasikia neno lile na kuandika ripoti iliyofika kwa Karume na kwa Nyerere, hana mahojiano yake Austin. Alikuwa kijana wa wapi? Kiingereza alikisomea shule gani? Alikuwa na shaka yoyote, au alikuwa na hakika kabisa? Huenda alikuwa na sababu ambazo hatuzijui za kuamini alichoamini, kwa kuwa Marekani ya miaka ile haikuwa malaika, na aliyetoka Congo baada ya kuuawa Lumumba alikuwa na haki ya kutiliwa shaka. Kinywa chake hakipo katika kumbukumbu, basi kisa kizima kimekuwa kichekesho juu ya Waafrika wasiojua Kiingereza. Hilo ndilo linaloniuma katika nyaraka hizi zote. Wao wanasema hata makosa yao, kwa urefu na kwa saini, na sisi tumekuwa watu wanaosemwa.

Suala la idadi ya waliouawa liko hivyo hivyo. Makadirio ya wageni yanatofautiana mno, kutoka mamia hadi maelfu mengi, kwa sababu karibu wote walikuwa wanakisia kutoka madirishani au kutoka Dar es Salaam. Wanaojua majina ni wale waliowazika, na wale waliowatafuta wasiwaone. Majina yale hayamo Austin. Yamo vinywani mwa mabibi waliobaki Pemba, Mombasa, Malindi, Dubai na Muscat, ambao mdogo wao sasa ana zaidi ya miaka sabini kama anakumbuka lolote la maana. Yamo pia vinywani mwa wale walioshika mapanga, ambao nao wana simulizi yao ya unyonge wa miaka mingi kabla ya usiku ule, na nayo haijaandikwa ipasavyo.

Huku hali ikiwa hivyo, Marekani yenyewe imeanza kuibomoa tabia yake ya kuandika. Katika muhula wa kwanza wa Donald Trump iliripotiwa kwamba wafanyakazi walikuwa wakiunganisha kwa utepe wa gundi karatasi alizozichana. Agosti 2022 makachero wa FBI walipekua nyumba yake Florida kutafuta nyaraka alizoondoka nazo, akashtakiwa Juni 2023, na kesi ikatupwa na jaji mwaka uliofuata. Aliporudi madarakani, Februari 2025 mkuu wa hifadhi ya nyaraka za taifa, Colleen Shogan, alifutwa kazi, na Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akapewa kukaimu nafasi hiyo juu ya kazi zake nyingine. Machi 2025 wafanyakazi wa shirika la misaada USAID, lililoanzishwa na Kennedy 1961 na ambalo limetuacha mataani hapa Pwani na kwingineko, waliamriwa kuchana na kuchoma nyaraka zilizokuwa makao makuu.

Mwezi huo huo kulitokea jambo ambalo jamaa zetu wenye asili ya Hadhramaut walilifuatilia kwa karibu. Wakubwa wa Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen katika kundi la Signal, wakiwa wamewasha mpangilio wa kufuta ujumbe baada ya muda. Tulijua tu kwa sababu walimwingiza kwa bahati mbaya mhariri wa gazeti. Ikabidi watu waende mahakamani kutaka ujumbe ule uhifadhiwe. Yemen hiyo hiyo ambayo babu zetu walikuwa wakisafiri nayo kwa kaskazi na kusi, imepigwa mabomu, na maneno yaliyosemwa kabla ya kupigwa yalikuwa yamepangiwa siku ya kufa.

Kweli, Machi 18, 2025 serikali hiyo hiyo ilitoa kurasa maelfu za mauaji ya Kennedy, na wengi wakashangilia uwazi. Mimi sikushangilia sana. Kufungua karatasi za mwaka 1963 kunamgharimu nani leo? Kipimo ni karatasi zako mwenyewe. Kwa sheria yao, kumbukumbu za rais zinaanza kuombwa na umma miaka mitano baada ya kuondoka madarakani, na nyingine anaweza kuzizuia hadi miaka 12. Muhula wa Trump unakwisha Januari 2029. Kwa hiyo mambo ya Yemen, ya misaada iliyokatwa, ya nani alisema nini kuhusu Somalia wakati ndege zinaruka, yataanza kuombwa 2034, na yale mazito yatasubiri 2041. Hapo ni kama yatakuwepo.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya Wamarekani, watajijua wenyewe. Sikubaliani nao. Mwaka 2011 Waingereza walilazimika kukiri mahakamani kwamba walikuwa wameficha maelfu ya mafaili ya makoloni yao, yakiwemo ya Kenya, na mwaka 2013 wazee 5,228 wa Mau Mau wakalipwa. Karatasi ya mgeni inaweza kuwa haki ya mwenyeji. Lakini angalieni vizuri kesi ile ilivyokwenda: mafaili yalikuwepo, na wazee nao walikuwepo, wakapanda ndege kwenda London kusema kwa vinywa vyao kilichowapata. Mafaili peke yake yasingeweza kuonyesha kovu.

Sisi wa Pwani tuliwahi kufunguliwa mlango. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka nchi nzima, ikakusanya taarifa zaidi ya elfu 40 za wananchi, zikiwemo za watu wetu kuhusu ardhi, kufukuzwa na kudharauliwa. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Mei 21, 2013. Makamishna watatu wa kigeni walikataa sura ya ardhi wakisema imechezewa, na ardhi ya Pwani ndiyo ilikuwa kiini cha mchezo huo. Zaidi ya miaka kumi imepita. Leo ukitaka kuisoma ripoti hiyo kwa utulivu, mojawapo ya sehemu za uhakika ni tovuti ya chuo cha sheria mjini Seattle, Marekani, alikofundisha mmoja wa makamishna hao. Yaani hata kilio chetu wenyewe tunakwenda kukisoma kwa jirani wa mbali.

Jawabu si kulalamika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Watu wa dini hii hawana udhuru wa kusema maandishi si desturi yao. Na simu za mkononi tunazo, zinatosha kumrekodi mtu saa nzima kwa sauti safi kuliko mashine aliyokuwa nayo Frantz mwaka 1968. Tunachokosa ni utaratibu na subira. Kijana anamwekea bibi yake simu mdomoni, anamuuliza swali moja, anakata kipande cha dakika mbili chenye machozi na kukitupa TikTok na muziki wa huzuni. Siku ya pili shangazi wanagombana, bibi anaapa hatazungumza tena, na maskini ya Mungu hatazungumza kweli.

Wenye kujua kazi hii huanza kwa mambo madogo. Nyumba ilikuwa mtaa gani, mlango ulitazama wapi, jirani wa kulia alikuwa nani, nauli ya jahazi mpaka Mombasa ilikuwa shilingi ngapi, nani aliwapokea bandarini, mlilala kwa nani usiku wa kwanza. Mtu huulizwa aliona mwenyewe au alisimuliwa, na kama alisimuliwa, na nani. Mwisho huulizwa anataka nani asikie na lini, likaandikwa, akatia saini au dole gumba. Mambo ya damu na majina ya majirani waliofanya ubaya yanaweza kufungwa miaka ishirini, watoto wa pande zote wakaendelea kuoana. Johnson alitaka hamsini.

Wa kulihifadhi pia tunao. Kuna taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya Mombasa iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kuna Fort Jesus, na ng'ambo ya pili kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar pale Kilimani, ambayo ina karatasi za tangu enzi za masultani. Serikali za kaunti hutenga fedha za tamasha kila mwaka, ngoma zikapigwa na wageni wakapigwa picha. Sehemu ndogo ya bajeti ya tamasha moja ingewalipa vijana sita waliofunzwa vizuri wakae na wazee mwaka mzima, Lamu hadi Vanga. Nimewauliza wawakilishi wawili wa wadi juu ya hili. Mmoja aliniuliza kama wazee hao ni wapiga kura wa wadi yake. Wa pili aliniambia nimletee pendekezo kwa maandishi, kurasa zisizozidi mbili, nami nimeshalipeleka ofisini kwake. Karani alilipiga muhuri wa tarehe na kunipa nakala.